Uliza, Nyumba Itakujibu

Kitendawili!

Tega!

Nyumba yangu ina vitanda, hakuna anayelala. Ina meko, hakuna anayepika. Ina mlango, na wageni hawaishi kupiga hodi.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mnanipa Lamu? Ah, wanangu, mmekaribia kutegua wenyewe! Jibu liko huko huko Lamu. Nyumba hiyo ni makumbusho.

"Mjomba, makumbusho ni nini?"

Swali zuri hilo. Kuuliza si ujinga, na wewe umeanza vizuri. Makumbusho ni mahali panapotunzwa vitu vya waliotutangulia, ili sisi tuvione na tujue waliishi vipi. Kuna makumbusho makubwa, unatembea humo mpaka magoti yanalalamika. Haya ninayowapeleka leo ni madogo. Ni nyumba moja tu, katikati ya mitaa ya mji wa kale wa Lamu, huko kaskazini mwa pwani ya Kenya. Watu walizaliwa humo. Walikula humo, wakagombana, wakapatana, wakazeeka.

Ilijengwa katika karne ya 18. Hesabuni na mimi. Bibi alikuwa na bibi yake, naye alikuwa na bibi yake, na bado hatujafika. Imepita miaka 200! Watu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya wakaitengeneza upya, wakairudishia vyombo vya zamani, wakafungua mlango ili kila mtu aingie.

Sasa nisikilizeni. Nyumba kuukuu haisemi na kila mtu. Anayepita akitazama tu, anatoka kama alivyoingia. Anayeuliza ndiye anayeambiwa. Kwa hiyo leo kazi yenu ni moja. Uliza, nyumba itakujibu.

Tunashuka gatini, tunaiacha bahari nyuma yetu, tunaingia mtaani. Shikaneni mikono. Njia ni nyembamba. Ukinyoosha mikono yote miwili, pengine utagusa ukuta wa huku na ukuta wa huko. "Simile! Simile!" Haya, jibanzeni ukutani, punda anapita na mifuko ya mchanga mgongoni. Lamu mzigo hubebwa na punda, na njia zilikatwa kwa kipimo cha mtu na punda wake.

"Mjomba, mbona hawakujenga njia pana?"

Umeuliza vyema. Tazama chini. Unaona jua hapo unapokanyaga? Hulioni. Kuta ndefu zimeliziba. Mchana kutwa njia inabaki na kivuli, na upepo wa baharini unapenya mle ndani. Sasa inua macho. Unaona chumba kile kilichovuka juu ya njia, kimeunganisha nyumba hii na ile? Hicho ni wikio. Ndugu aliyetaka kumtembelea ndugu yake hakuhitaji kushuka mtaani. Alipita juu, na wewe unayepita chini ukapata kivuli cha bure.

Umeona? Hatujafika mlangoni, na tayari mji umejibu maswali. Mji huu umekaliwa na watu zaidi ya miaka 700 bila kuhamwa. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuandika katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Tumefika. Hii hapa nyumba yenyewe.

"Hii, mjomba? Mbona ukuta mtupu?"

Ha! Nilijua utasema hivyo. Nje haina madoido. Ukuta mrefu, madirisha ya kutafuta kwa tochi. Sasa niambie, mwanangu, umewahi kuiona nazi inapoanguka kutoka mnazini? Nje ni makumbi, magumu, hayapendezi. Ukiyafua, unakuta kifuu. Ukivunja kifuu, unakuta nyama nyeupe. Na katikati kabisa, yamefichwa, ndiyo maji matamu. Nyumba ya kale ya Lamu ni nazi. Mgeni wa njiani anaona makumbi. Rafiki anafika kwenye kifuu. Jamaa anafika kwenye nyama. Na watu wa nyumba wenyewe ndio wanaokaa penye maji. Basi tuifue pole pole, tabaka kwa tabaka.

Hodi!

Tabaka la kwanza ni daka, ukumbi mdogo wa mlangoni. Huku na huku pana baraza za mawe. Kaa hapo upumzike. Hapo ndipo mwenye nyumba alipokaa na majirani jioni, wakapiga gumzo, wakasikia nani amewasili na jahazi gani. Aliyekuja kuuliza bei ya pembe au mtama hakuhitaji kwenda zaidi ya hapo. Alikaa, akanywa kahawa yake, akaenda zake.

Ukipita mlango unaingia tekani, kijichumba cha kupitia tu. Hapo njia inakata kona.

"Kwa nini isinyooke?"

Simama mlangoni uchungulie. Unaona nini? Ukuta. Ndivyo walivyotaka. Mlango unaweza kuwa wazi siku nzima, upepo ukaingia, na macho ya mpita njia yasiingie. Upepo unajua kukata kona, macho hayajui. Akili hiyo! Mlango huo haukuhitaji pazia.

Katika nyumba za namna hii palikuwa pia na sabule, chumba cha mgeni, kilichotengwa na vyumba vya familia. Na mgeni wa Lamu hakuwa wa siku mbili tatu, wanangu. Alikaa miezi.

"Miezi! Hakuwa na kwao?"

Alikuwa nako, lakini hakuwa na upepo. Majahazi ya tanga yaliletwa na kaskazi, upepo unaovuma kutoka upande wa Uarabuni kuja kwetu tangu mwezi wa Desemba hivi. Mfanyabiashara akifika, hawezi kugeuza jahazi kesho yake. Atakwenda vipi, na upepo unamjia usoni? Atasubiri mpaka kaskazi ichoke, kusi ianze kuvuma, kama mwezi wa Aprili. Kusi ndiyo ya kumrudisha. Basi katikati hapo anauza, ananunua, anakula wali wa nazi wa mwenyeji wake, na analala sabuleni. Kumbe chumba hicho kilijengwa na upepo! Uliza, nyumba itakujibu.

Sasa tunatoka kwenye kiwanda. Lo, mwanga! Kiwanda ni uwanja wa ndani, hauna paa. Juu yake ni mbingu tupu. Nje nyumba haikuwa na madirisha ya maana, kwa sababu dirisha lake kubwa liko hapa, limetazama juu. Mwanga unashuka, hewa ya moto inapanda na kutoka. Watoto wa nyumba walicheza hapa. Wakikimbia, wakianguka, wakilia, mama yao aliwasikia bila kuinuka.

Na tazama ukuta wa kiwanda. Pitisha macho tu, usipitishe mkono! Mikono yetu ina jasho, na jasho la wageni wengi hula ukuta. Unaona unene wake mlangoni? Karibu nusu mita.

"Ni saruji, mjomba?"

La. Ni jiwe lililokuwa hai. Msicheke, ni kweli! Baharini kuna viumbe vidogo vidogo vinavyojijengea makazi ya mawe. Ndiyo matumbawe. Mafundi walichimba mawe ya matumbawe ya kale nchi kavu, hayo magumu, wakajengea kuta. Kwa kazi ya urembo walikata matumbawe laini yaliyo baharini. Hayo yakitoka majini ni mororo, unayachonga kwa urahisi. Yakikauka, yanakuwa magumu. Kwa hiyo fundi alipaswa kuchonga upesi, kabla jiwe halijabadili nia.

Na cha kushikanisha mawe? Chokaa. Walipanga magogo kwa duara, wakarundika matumbawe juu yake, wakawasha. Hilo ndilo tanuu. Moto ulipozima, walibaki na mawe yaliyoiva. Wakayaacha yalowe kwa umande na mvua, miezi na miezi, mpaka yakawa chokaa laini ya kupaka. Mjenzi wa Lamu hakuwa na haraka. Ukuta mnene wa mawe na chokaa hunywa joto taratibu sana. Jua linachoka kuupasha, jioni inaingia, na chumba bado kina ubaridi.

Panda kidaraja hiki. Tumeingia msana wa tini. Panda kingine. Huu ni msana wa yuu. Watu wa Lamu husema tini na yuu, wa kwingineko husema chini na juu. Umeona sakafu inavyopanda kidogo kila tunapoingia ndani zaidi? Miguu yako inaambiwa: sasa unakaribia penye heshima. Tumevuka kifuu, wanangu. Tuko kwenye nyama ya nazi.

Na hapa nataka mpime kitu. Anza ukuta huu, tembea mpaka ukuta ule wa mbele yako. Hatua ngapi? Chache sana! Haifiki mita 3. Sasa tembea kwa urefu wa chumba. Eeeh, nenda, nenda, bado.

"Mjomba, kwa nini chumba ni kirefu hivi, halafu ni chembamba hivi?"

Hilo swali si la kujibiwa na mimi. Inueni macho darini. Mnaona magogo yale yaliyopangwa, moja baada ya jingine, kutoka ukuta hadi ukuta? Tumuulize mmoja wao. Shikamoo, mzee boriti!

"Marahaba, wanangu. Karne na karne watu wanapita chini yangu, na hakuna anayenisalimu. Nyinyi mmelelewa. Kaeni niwasimulie.

"Mimi ni mti wa mkoko. Nilizaliwa topeni, maji ya chumvi yakinifunika na kunifunua kila siku. Wakataji walinijia na shoka wakati maji yamekupwa, maana hapo ndipo mtu anaweza kukanyaga. Walisubiri maji yajae, ndipo chombo kikaweza kuingia kutuchukua. Tulikuwa wengi. Tulihesabiwa kwa korja, na kila korja ni miti 20. Wembamba kabisa waliitwa fito. Waliowazidi, pau. Waliowazidi hao, mazio. Kisha sisi maboriti. Na wanene kutushinda ni nguzo.

"Kwa nini mimi na si mnazi? Kwa sababu mimi ni mgumu, na mchwa hanipendi. Lakini mimi si mrefu. Kichwa changu kimelala ukuta huu, miguu yangu imelala ukuta ule. Mgongoni nimebebeshwa mawe na chokaa, na juu ya hayo watu wanatembea. Kama fundi angeusogeza ukuta mbali, ningefanya nini? Ningepinda. Ningevunjika. Basi fundi alinipima mimi kwanza, ndipo akapima chumba. Upana wa chumba ni urefu wangu. Lakini urefu wa chumba hauna mwisho. Akitaka hatua moja zaidi, anamwongeza ndugu yangu mmoja kando yangu. Mmefahamu?"

Tumefahamu, mzee!

"Basi niwaongezee. Ndugu zangu wengine hawakubaki Lamu. Walipakiwa majahazini, kusi ikawasukuma mpaka Oman na nchi za Ghuba. Kule miti mirefu ya kujengea ni adimu. Wakawekwa darini, ukuta hadi ukuta. Na huko nako, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Mtu wa kule na mtu wa huku wamelala usiku mmoja, kila mmoja chini ya mti wa Lamu. Siku hizi hatusafiri tena. Serikali ya Kenya ilizuia kupeleka miti yetu nje mwaka 1982, ili misitu isiishe. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko huku kwetu Lamu, na samaki wengi hulelea watoto wao katika mizizi yetu. Haya, nendeni. Mimi nimebeba dari, siwezi kuwasindikiza."

Ahsante, mzee boriti. Makofi, wanangu! Umeona faida ya kusalimu?

Tazameni sasa vitu vya msanani. Kile kiti kirefu cha mbao nyeusi, chenye vipande vyeupe vya pembe, kinaitwa kiti cha enzi. Hakikukaliwa ovyo. Kilitolewa kwa mgeni mwenye cheo. Na kitanda kile, mbona kiko juu hivyo? Kimesukwa kwa kamba, na mtu alihitaji kigoda cha kupandia. Chini yake hewa inapita, na vitu vinahifadhiwa. Hapana, hamruhusiwi kujificha huko.

Sasa daraja la mwisho. Karibuni ndani. Ndani ndilo jina la chumba hiki, na kweli ni ndani hasa. Huku wageni wa dakani hawakufika. Haya ndiyo maji ya nazi.

"Lo, mjomba! Ukuta una matundu!"

Hizo ni zidaka. Vijirafu vilivyochimbwa ukutani, safu juu ya safu, kila kimoja kimezungushiwa nakshi za chokaa. Fundi aliichora chokaa na kuichonga ingali mbichi. Sogea karibu kidogo, mikono nyuma. Tazama ukingo wa hiki hapa. Vijani, vijifundo, mstari unakwenda unarudi. Sasa tazama cha pili yake. Vinafanana, ila si sawasawa, maana ni kazi ya mkono. Na ukirudi nyuma hatua mbili, chumba hiki chembamba kinaonekana kirefu kwenda mbele, ukuta unakuwa na kina. Boriti alikibana chumba, zidaka zikakipanua machoni.

Humo waliweka nini? Misahafu na vitabu. Mabakuli na sahani za kaure.

"Zilitoka wapi?"

Kutoka mbali, mwanangu. Nyingine Uchina. Zilipita bandari kwa bandari, chombo hiki zikashuka, chombo kile zikapanda, mpaka zikafika ukutani mwa Lamu. Na hazikuanza juzi. Huko Shanga, mji uliohamwa katika kisiwa jirani cha Pate, wanaakiolojia wamechimba wakakuta vigae vya Uchina vya zamani kuliko nyumba hii kwa mamia ya miaka. Mtoto wa nyumba hii aliamka kila asubuhi akaitazama sahani iliyovuka bahari nzima. Unadhani hakuwaza, "Huko kukoje?" Nina hakika aliwaza. Watoto wa zamani nao walikuwa na maswali, na pengine nao walikuwa na mjomba msumbufu.

Wanawake ndio waliokuwa na chumba hiki. Humu walishona, walisoma, walitunga. Nchi hii ya Lamu na Pate ndiyo ya Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858 ili kumpa nasaha. Mwanamke aliyekaa ndani hakuwa kimya. Maneno yake yalitoka nje zaidi kuliko miguu yake.

Na nyuma ya ndani kuna chumba kidogo, nyumba kati. Hapo sauti zetu zishuke kidogo. Katika nyumba za namna hii, hicho ndicho chumba ambamo watoto walizaliwa, na ndicho ambamo waliofariki walioshwa. Mtu aliingia duniani hapo, akaondokea hapo. Msiogope. Kilikuwa chumba cha siku kubwa, ndiyo maana walikiweka mahali pa salama kuliko pote.

"Mjomba, na choo?"

Ahaa! Nilikuwa nangoja nani atauliza. Hakuna safari ya watoto isiyouliza choo. Kiko, na kiko ndani ya nyumba. Na pembeni mna birika, tangi la maji lililojengwa kwa mawe na chokaa. Unachota kwa kata, unajimwagia. Lakini maji yaliyosimama ni rafiki wa nani? Wa mbu. Mbu hutaga majini. Sasa chungulia. Waliwafuga nani humo birikani? Visamaki! Sikilizeni kimoja kinavyojisifu:

"Mimi sipiki, sifagii, silipi kodi. Lakini kiluwiluwi cha mbu hakilali humu. Nakila!"

Na kwenye sakafu ya birika la namna hii lilitiwa bakuli. Maji yakipungua mpaka sakafu, bakulini yanabaki ya kumtosha mlinzi wetu. Mfanyakazi mdogo, naye alifikiriwa. Uliza, hata choo kitakujibu.

Haya, ngazi. Juu kabisa ndiko jikoni. Kwa nini juu? Jibuni wenyewe safari hii.

"Moshi!"

Naam! Moshi hupanda, na jiko likiwa juu, moshi hauna vyumba vya kupitia. Na ukitokea moto? Uko juu, haukuanza chini ya kitanda cha mtu. Akili zenu zinawaka leo. Tazameni vyombo. Mbuzi ya kukunia nazi, meno yake bado makali. Kifumbu cha kuchujia tui, kimesukwa kwa ukili. Kinu na mchi. Chungu. Upawa. Jiwe la kusagia. Mbona kicheko?

"Kwa bibi kuna mbuzi vile vile!"

Sawasawa. Wenye kaure wamehama, mbuzi ya nazi bado iko kazini. Ichungulieni vizuri hii. Mahali pa kukalia pamelainika, pameng'aa kwa kukaliwa. Nani alikaa hapo? Nani alikuna nazi zote hizo, siku baada ya siku?

Mmenyamaza. Hapa ndipo swali kubwa kuliko yote, na nitawajibu bila kuficha, kwa sababu nyinyi mna akili. Nyumba hii ilikuwa ya matajiri. Matajiri wa zamani hizo walikuwa na watumwa. Watu walionunuliwa na kuuzwa, wakachukuliwa mbali na mama zao. Wao ndio waliokata mawe, wakachoma chokaa, wakachota maji kisimani, wakapanda ngazi hizi na mizigo kichwani. Aliyekaa kwenye kiti cha enzi hakukuna nazi. Aliyekuna nazi hakukaa kwenye kiti cha enzi.

"Vyao viko wapi, mjomba?"

Ndiyo, mwanangu. Ndiyo! Hilo ndilo swali la mtu mzima. Sahani za kaure zilitunzwa zidakani, zikafika mpaka leo. Aliyelala juu ya mkeka chakavu, mkeka wake ulioza. Na wengi wengine wa mji, wavuvi na mafundi, waliishi katika nyumba za udongo na makuti. Udongo ulirudi kuwa udongo. Nyumba ya jiwe hudumu, ndiyo maana makumbusho mengi huwa na vitu vingi vya wenye mali na vichache vya wasio nacho. Si kwamba hawakuwepo. Kiti hiki cha mbuzi kilicholainika ni saini yao. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na wajukuu wa watu hao wako nasi, ni sisi sisi. Basi ukiingia makumbusho yoyote, uliza kilichopo. Kisha uliza na ambacho hakipo. Nyumba itakujibu, ingawa safari hii itajibu kwa sauti ndogo, na wewe utege sikio.

Sasa nawapeni maswali matatu ya kutembea nayo. Yaandikeni viganjani kama hamna daftari. La kwanza: kimetengenezwa kwa nini? La pili: kilitoka wapi? La tatu: nani alikishika?

Tuyajaribu. Tukitoka hapa tunashuka pwani, kwenye Makumbusho ya Lamu, jengo kubwa linaloitazama bahari. Zamani maofisa wa Kiingereza waliishi humo. Unaona hilo limejitokeza kwa baraza zake upande wa maji, halikujifungia ndani. Waliotaka kuonekana walijenga hivi, waliotaka kusitirika walijenga vile. Humo mna siwa ya Pate, baragumu linalompita mtu mzima kwa urefu. Haya, kimetengenezwa kwa nini? Pembe ya ndovu, imechongwa nakshi. Kilitoka wapi? Pate, kwa masultani. Nani alikishika? Mpulizaji, siku za sherehe za wakubwa na harusi zao. Na aliyeisikia kwa mbali, akiwa kisimani na ndoo? Mnaona! Maswali matatu tu, na kitu kilichokaa kimya nyuma ya kioo kimeanza kusimulia.

"Mjomba, na sisi tusio na makumbusho mjini kwetu?"

Mnayo, ila hayajawekewa kibao. Kwa bibi yenu kuna kifumbu kinachoning'inia kwenye msumari. Kimesukwa kwa nini? Kilitoka wapi? Nani alikishika kabla yake? Bibi yuko jikoni saa hizi, na nazi hazijakunwa. Nendeni mkamsaidie, na huku mnakuna, muulizeni.